Nani kamuua yule binti wa Kitonga?

Stori ya binti wa Kitonga kila aliyewahi kupanda basi la kuja Mbeya ameshasimuliwa. Dereva wa lori anapandisha mlima Kitonga usiku, ukungu umefunga, kwenye kona anamkuta binti peke yake na kigauni chepesi anatetemeka, anampa lifti, anampa na koti lake, anamshusha Ilula mlangoni kwao. Safari ya kurudi anapitia koti, mlango anafungua mama mtu mzima, na akisikia jina la binti anakaa chini na kuanza kulia, maana mwanae huyo alishamzika mwaka juzi. Wanaongozana mpaka makaburini, koti lile pale, limetundikwa kwenye msalaba.

Stori yenyewe wala si yetu peke yetu, Wamarekani wanayo na barabara zao, nchi nyingine nazo hivo hivo. Ila kwa wenzetu ikifika kwenye koti imeisha, watu wanasisimka nywele wanaenda kulala. Mara ya mwisho kuisikia nilikuwa kwenye Coaster ya Tukuyu, tumebanana wanne siti ya watatu, msimuliaji alipofika kwenye koti akanyamaza kama wanavyonyamaza wote. Kimya kama sekunde tatu hivi. Afu mama mmoja wa nyuma mwenye ndoo ya maparachichi akauliza, "Na huyo binti alikufa na nini?" Jamaa akajibu aliugua tu ghafla, siku mbili. Weee! Siku mbili? Gari zima likaguna. Mpaka tunafika Kiwira abiria walishamtia hatiani mke mdogo wa baba mtu, ambaye kwenye stori hakuwepo kabisa.

Mi naona pale kwenye ndoo ya maparachichi ndo pana siri yote ya kwa nini muvi za mizimu, hizi zenye mwisho wa kugeuza kibao, zinatushika huku kwetu tofauti na walivyokusudia waliozitengeneza. Wao muvi nzima wanakuchezea na swali la "nini", yaani kinachoendelea hapa ni nini, mzimu kweli, ndoto, au huyu mtu kachanganyikiwa. Sisi swali hilo hatulipotezei muda, mizimu ipo, sawa, twende. Letu ni "nani". Nani kamtoa, nani alikuwa na kinyongo naye, nani hakulia vizuri msibani.

Nitoe tahadhari mapema kwamba humu ndani nataja miisho ya muvi kadhaa. Mojawapo ina zaidi ya miaka 25, kama hujaiona mpaka leo mi nifanyeje.

Ndo hiyo The Sixth Sense, ya 1999, ya M. Night Shyamalan, ndani yumo Bruce Willis na katoto kanaitwa Haley Joel Osment kalikocheza kuliko watu wazima wote. Ilitengenezwa kwa dola kama milioni 40 ikarudisha zaidi ya milioni 670, ikatajwa kwenye vipengele 6 vya Oscar japo haikubeba hata kimoja. Mi niliionea kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, Mwanjelwa hapa Mbeya, nikiwa shule ya msingi, kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, dirishani limewambwa gunia, na ilikuwa mwezi wa saba ule wa kwetu ambao watu wanaingia kuangalia muvi na blanketi kabisa. Kanda ilikuwa ya kutafsiriwa. Zama zile mfalme wa kutafsiri alikuwa Lufufu, ila huyu hakuwa Lufufu, alikuwa mwingine tu wa mtaani na jina lake naliacha. Sasa mwanzoni pale daktari anapigwa risasi ya tumbo chumbani kwake na mgonjwa wake wa zamani, picha inakata, inakuja nyingine daktari amekaa kwenye benchi nje anasubiri mtoto, na mtafsiri wetu bila hata aibu akasema, "Sasa ndugu watazamaji hapa daktari ameshakufa, huyu mtakayemwona kuanzia sasa ni mzimu wake, msije mkachanganyikiwa."

Basi. Siri iliyoingiza mamia ya mamilioni, imeteketea kabla hata ya robo saa.

Ila hakutoka mtu. Na hilo ndo nimelifikiria miaka yote hii. Kibanda kizima kiliangalia muvi nyingine kabisa, muvi ya marehemu asiyejua kwamba ni marehemu, watu wanamhurumia. Kuna ile sini ya hotelini, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, daktari anafika kachelewa, anakaa mbele ya mkewe anajitetea weee, mke hata hamtazami, anavuta bili anasaini, anamtakia heri ya siku yao kwa sauti ya chini, anaondoka. Anayeangalia bila kujua anaona mke kanuna. Sisi tulikuwa tunajua, na mzee mmoja wa mbele akapaza sauti, "Baba wee, nenda kapumzike!" Watu wakacheka, afu kicheko kikakatika ghafla, hakuna aliyeongea mpaka sini ikaisha.

Kuna Mfaransa mmoja, Henri-Georges Clouzot, mwaka 1955 alitoa Les Diaboliques akaweka maandishi mwishoni kuwaomba watazamaji wasiwe mashetani, wasiwasimulie rafiki zao walichokiona. Namwelewa. Lakini Mwanjelwa tulifanya kinyume chake na paa halikuanguka. Kwangu muvi ambayo ukishajua mwisho haina tena cha kukupa, hiyo ilikuwa kitendawili, na kitendawili ukishateguliwa unasema nimekwisha jua unaondoka. Ya Shyamalan ina msiba ndani yake, ndo maana ilisimama hata baada ya kuvuliwa nguo hadharani.

Mambo ya ufundi kidogo, maana wengi wanasema kibao kimegeuka halafu hawasemi kiligeuzwaje. Rudisha nyuma utafute sini mtoto anarudi nyumbani anamkuta mama yake kakaa kwenye kiti na daktari kakaa kiti kinachotazamana naye. Kimya. Mama ananyanyuka anaongea na mwanae kidogo anaondoka zake. Nani alikwambia mama na daktari walikuwa wanaongea? Hakuna! Viti viwili vinatazamana tu, wewe mwenyewe ukajazia kwamba mzazi amemkaribisha daktari, wamezungumza maendeleo ya mtoto. Hakuna uongo hata mmoja uliosemwa pale, kazi yote ya kudanganya umeifanya wewe kwa hiari yako. Tena mtoto mwenyewe katikati ya muvi anasema wazi kwamba anaona wafu wanatembea kama watu wa kawaida, kwamba wanaona wanachotaka kuona tu na hawajui kama wamekufa, na kamera inakwenda kukaa usoni kwa daktari. Jibu unapewa mkononi, unalitia mfukoni, unaendelea kulitafuta.

Sasa sikiliza kibanda kililipuka wapi. Hakikulipuka mwishoni pete inapomdondoka mke kwenye kiganja na daktari anagundua kwamba kafa, hiyo tulishaambiwa. Kililipuka msibani. Kuna kabinti marehemu, Kyra, kanamtokea mtoto kanatapika, afu siku ya msiba wake mtoto anaenda mpaka nyumbani kwao, nyumba imejaa watu, anampa baba mtu kiboksi, ndani kuna kanda ya video, na kwenye kanda baba anamwona mkewe kwa macho yake anatia dawa ya kusafishia sakafu kwenye supu ya Kyra. Ilikuwa kelele siyo za kawaida. Wanawake waliokuwa nje wanauza maandazi waliingia ndani bila kiingilio. Ile sini ni ya dakika chache tu, ni tawi la pembeni la hadithi, lakini kwetu ndo ilikuwa kilele, kwa sababu ndo mahali pekee ambapo muvi ilijibu nani.

Na kwa habari ya daktari mwenyewe, Mnyakyusa asingehitaji muvi nzima kumwelewa. Kwa Kinyakyusa wafu huitwa abasyuka, neno lenyewe lina mambo ya kufufuka ndani yake, na Mussa Banzi aliwahi kuichukua Nsyuka akaifanya jina la muvi yake ya kutisha enzi za kanda. Monica Wilson, aliyeishi huku Rungwe miaka ya 1930 na mumewe Godfrey wakichunguza mila, aliandika sana juu ya matambiko ya msiba, jinsi wafiwa wanavyofanya mambo ya kumfukuza marehemu kwenye ndoto zao aende zake, halafu ndo wanamrudisha nyumbani kama mzimu wa ukoo, akiwa ametulia. Daktari wa Philadelphia shida yake ni hiyo hiyo. Hakusindikizwa. Mke bado anaangalia video ya harusi usiku mpaka anasinzia.

Haya, turudi kwetu, kwenye Bongo Movie, maana hapa ndo roho inaniuma. Tuna nani kila mahali na bado kibao hakigeuki. Muvi inaanza, kijana mwenye kazi nzuri mjini anaumwa, hospitali hawaoni kitu, na dakika ya tatu anaingia shangazi, kapakwa wanja mpaka kwenye nyusi, kinanda kinalia duuuum. Ndo huyo. Kila mtu amejua. Imebaki saa moja na nusu ya kumsubiri mchungaji aje amwangushe. Nawaelewa pia kibiashara, ile miaka ya dividii muvi moja ilikatwa vipande viwili ili ziuzwe mbili, kwa hiyo jambo zito lililopaswa kukaa mwisho lilihamishiwa mwisho wa Part One, simu inaita, mtu anashtuka, picha inaganda, ukanunue ya pili. Mwisho wa kweli ukabaki hauna nguvu, kuna ambayo mtu anaamka kitandani, kumbe ilikuwa ndoto. Ndoto! Elfu mbili yangu ilikuwa ya kweli lakini.

Kinachoniuma ni kwamba malighafi tunayo kuliko wao. Chukua msukule. Wao wamehangaika kumtunga mtu anayedhani yu hai kumbe kafa. Sisi tunaye mtu ambaye kijiji kizima kinajua kafa, wamemlilia, wamezika, kumbe kwenye jeneza ulikuwa mgomba na yeye yuko mahali analima usiku shamba la mtu, anakula pumba. Hiyo siyo imani ya kuitafuta vitabuni, kaa kijiwe chochote pale Kabwe jioni utapewa tatu kwa bei ya kahawa moja. Sisemi ni kweli, sisemi si kweli, nasema kama hadithi imeshajengwa yote na mgeuko wake ndani. Halafu mtu anachukua hiyo anakwenda kumpa shangazi mwenye wanja.

Mwaka fulani nilienda likizo kwa bibi, Rungwe kule juu ambako mvua haijui kupumzika, nikaenda na laptopu. Jioni tumekaa jikoni, ndizi ziko motoni, nikamwekea The Others, ya 2001, ya Alejandro Amenábar, yule mama ni Nicole Kidman. Jumba kubwa kisiwa cha Jersey, mwaka 1945, mama na watoto wawili ambao mwanga wa jua unawadhuru, mapazia yamefungwa mchana kutwa, mume hajarudi kutoka vitani. Wanakuja wafanyakazi watatu kuomba kazi. Bibi Kiingereza hajui, namtafsiria kidogo kidogo, na nilijiapia sitakuwa kama yule bwana wa Mwanjelwa. Mama wa kwenye muvi anakuja kugundua kwamba barua ya tangazo la kazi aliyoandika haijawahi kuchukuliwa ipelekwe gazetini. Bibi akaacha kuchochea moto. "Sasa hawa wamejuaje kama kuna kazi?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Na nyumba gani hiyo haiji mgeni, hata jirani wa kuomba chumvi? We mume wangu, hawa si wafu hawa?"

Ilikuwa bado hata nusu! Nikamwambia bibi tulia uangalie. Akatulia, lakini nilimwona haangalii tena kama wafu au siyo wafu, hiyo alishamaliza, alikuwa anamwangalia yule mama. Na mwisho ulipofika, ule wa bibi kizee anayeongea na mizimu mezani, ambapo inajulikana wageni wanaosumbua ndani ya nyumba ndo walio hai, na wanaosumbuliwa ndo wafu, na kwamba watoto waliuawa kwa mto wa kulalia na mama yao mwenyewe kabla hajajimaliza, bibi hakushangaa la wafu. Alishika mdomo kwenye la mama. Muvi nzima yule mama amezunguka na bunduki anatafuta nani ameingia nyumbani kwake, nani anawatisha wanae. Nani ni yeye. Bibi alikaa muda akasema kitu kimoja tu kwa Kinyakyusa cha chini chini ambacho sikukidaka, akaepua ndizi.

Tangu siku hiyo ndo kipimo changu. Kibao kinachogeuka kweli hakimtafuti mtu mpya, kinamrudia yule yule aliyekuwa anauliza. Wathailand kwenye Shutter ya 2004 walifanya hivo hivo, kijana mpiga picha anaandamwa na mzimu wa msichana, shingo inamuuma muvi nzima, anapimwa uzito mzani unasoma mkubwa kupita mwili wake, na mwisho unaona kwenye picha kwa nini, msichana amekaa mabegani kwake. Picha hiyo kila mtu anaikumbuka. Lakini kinachokaa tumboni ni kwamba kijana tuliyekuwa tunamwonea huruma ndo aliyesimama pale rafiki zake wanambaka yule msichana, na akapiga picha. Shingo kumuuma ni halali yake.

Na hapa niseme jambo ambalo si la muvi. Hili swali la nani huku kwetu linatoka kwenye kioo linaingia mtaani. Mtu akifa ghafla, hata matanga hayajaanuliwa majina yanaanza kutajwa, na mara nyingi jina ni la bibi fulani anayekaa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Wanaletwa lambalamba, wale wasaka wachawi, wanapita nyumba kwa nyumba, mtu anachanjwa, anatozwa, anahama kijiji alichozaliwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumtaja mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa, nani anaijua. Sisemi Bongo Movie ndo imeleta hayo, yalikuwepo kabla ya televisheni. Ila muvi ya mia moja inayoniambia mchawi ni shangazi hainishangazi, inanikubalia nilichokuwa nafikiria tayari, na hapo inakuwa imefanya kazi kinyume kabisa na ile ya viti viwili vinavyotazamana. Ile ilinionesha nilivyo mwepesi wa kujazia.

Kwa hiyo nimejitungia ya kwangu, sina kamera sina hela, mwenye navyo aichukue. Ndugu wawili wa tumbo moja, wanauza viazi Uyole, biashara mbaya. Muvi inaanza mkubwa yuko njiani usiku, anamtafuta mdogo wake aliyefariki, kasikia kachukuliwa msukule. Msiba anaukumbuka vipande vipande, kilio cha mama, harufu ya mgomba uliokatwa upya, udongo. Anapita nyumba za watu anauliza, hakuna anayemkaribisha kiti, sisi tunadhani wamemsusa. Kucha zake zina udongo kila asubuhi, tunadhani ni za mkulima. Mdomoni mkavu, kila chakula kwake ladha ni moja. Huko kijijini shangazi ameshafukuzwa, nyumba imetiwa moto, kosa lake halijulikani. Na katikati tunajua siri yake, kwamba mkubwa mwenyewe ndo alienda kwa mganga kutaka utajiri, akaambiwa leta mtu wa tumbo moja na wewe, akamtaja mdogo. Ndo maana ana uhakika ule msiba ulikuwa wa mdogo wake. Mwisho anafika kwenye shamba usiku, watu wamejipanga wanalima kimya, anawaangalia nyuso mmoja mmoja, mdogo hayupo, na kwenye mstari kuna nafasi moja wazi na jembe limelala chini. Kumbe mdogo alikuwa amemtangulia kwa mganga kwa siku moja.

Hii nimeisimulia mara moja tu, wiki mbili zilizopita, Coaster ile ile ya Tukuyu, nikaimalizia kwenye jembe na nikanyamaza kama wanavyonyamaza wote. Nikasubiri mtu aulize shangazi alikosa nini. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni, akaingiza kichwa, akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, huyo mganga anapatikana upande gani, Mbalizi au Chunya?"